Aliyetumwa Chumvi

Usingizi unanichukua saa nane mchana, shavu langu likiwa juu ya sura ya saba, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba silali kwa uvivu, nalala kwa hasira. Hii sura ya saba ya kitabu cha historia cha sekondari, inayoeleza jinsi biashara ya watumwa ya Atlantiki ilivyozigeuza jamii za Afrika Magharibi, nimeitafsiri mara tatu, na mara tatu mhariri wangu, Bwana Mhando, ameirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu. Mwandishi anataja watu wa namna nyingi: mateka wa vita, mgeni aliyepokelewa na ukoo usio wake, mkosaji aliyehukumiwa, mtoto aliyepelekwa kwa jirani wakati wa njaa, mtu aliyekamatwa njiani na ndoo yake ya maji. Mimi nimempa kila mmoja maneno yake. Mhando amepitisha mstari juu ya wote, na pembeni ameandika mtumwa, mtumwa, mtumwa, mpaka ukurasa unaonekana umechanjwa. Leo asubuhi amenipigia simu. Dada Siwema, neno moja tu, wanafunzi wasichanganyikiwe. Namwambia, Bwana Mhando, hao ni watu watano tofauti. Ananijibu, lakini mwisho wao si mmoja? Tusipoteze karatasi, nataka jibu kabla ya saa kumi. Nimekata simu, nimebandika maharage, nimeona kopo la chumvi ni tupu, nimemtuma mdogo wangu Mwanahawa dukani, naye ametoka na hina yake ya harusi ya juzi mikononi, analalamika kwamba mtu mzima wa miaka arobaini na moja hapa Korogwe bado anatumwa chumvi. Anatumwa, anatumwa, neno linazunguka kichwani pamoja na sauti ya cherehani ya fundi Shekue wa jirani, na karatasi chini ya shavu langu inalegea, inakuwa udongo, na udongo unakuwa barabara, nami nimesimama juu yake bila viatu.

Barabara ni nyekundu na haina mwisho, na kila ninapoitazama inakuwa imehamia upande mwingine. Pembeni yangu anatembea mtu mrefu aliyevaa koti la kizungu bila shati ndani, na pale panapopaswa kuwa na uso wake pako laini tu, kama upande wa nje wa bakuli. Sishtuki. Nakereka, maana nina kazi. Nauliza, hapa ni wapi? Ananijibu, Kitendawili! Na mdomo wangu, ambao una mazoea yake tangu utotoni, unajibu wenyewe, Tega! Anasema, nyumba yangu ina mlango wa kuingilia mkubwa, wa kutokea ni mwembamba, na anayetoka haoni tena nchi kavu. Namwambia, ndugu yangu, nina maharage motoni. Anarudia kitendawili. Namwambia sijui. Basi nipe mji, anasema. Ni mchezo wa watoto wa kwetu wote: ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, anajisifu humo kidogo, kisha anakupa jibu. Nimekuwa nikigawa miji tangu nina miaka mitano, Mombasa peke yake nimeigawa mara mia, na haijawahi kupungua hata bati moja. Kwa hiyo nasema, chukua, chukua huo ulioko mbele, mradi uninyamazie. Mtu wa koti anasimama. Anasema, nimekwenda, nimeingia, nimekalia viti vyao, nimelala vitandani mwao, nimeondoka nao. Jibu ni ngome ya pwani. Kisha tunaendelea kutembea, nami namshangaa kwa kitendawili kirefu namna ile chenye jibu la maneno matatu.

Tunafika kwenye mji ulioko mbele na hakuna mtu. Ukuta wa udongo umeuzunguka, mpya, mrefu kuliko mji wenyewe unavyostahili, na milango ya nyumba ni mifupi mno, hata mimi mfupi naingia nikiwa nimeinama, shingo mbele, namna ambayo mwenye nyumba anaweza kuamua kabla sijainuka kama mimi ni mgeni au ni adui. Ndani kuna uji bado una mvuke. Kuna fagio limeangushwa katikati ya kufagia, nusu ya uwanja ni safi na nusu ina majani. Naita, hodi, hodi wenyewe, na sauti yangu inarudi ikiwa imeinama vilevile. Namgeukia mtu wa koti kwa ghadhabu. Mimi nilikuwa nacheza! Anasema, wewe umecheza, mimi nimepokea. Namwambia, warudishe. Anasema, Kitendawili! Safari hii nauma midomo, nauma mpaka nasikia ladha ya damu, lakini mdomo ni wa kwangu wa miaka yote na unasema, Tega, kwa sauti ndogo ya aibu.

Anasema, amekuja ndani ya jahazi lilelile lililomchukua kaka yangu, na leo bila yeye watoto wangu wanalala na njaa. Hicho nakijua. Kimo katika sura ya saba, aya ya tisa, nimekitafsiri mara tatu: Mhogo! nasema kwa kelele, na mahindi pia kama unataka! Na kwa sababu nimepata, barabara inapiga kona na kutufikisha kwenye mto mwembamba wenye mji huku na mji kule. Ni mji mmoja mara mbili. Ukuta huu unatazamana na ukuta ule, mwanamke wa huku anapanda mbegu za viazi vikuu na mwanamke wa kule anapanda vilevile, mkono kwa mkono, na kila anapoinuka kunyoosha mgongo anamtazama mwenzake kwa chuki. Namuuliza wa huku, kwani kuna nini? Anasema, wale wa ng'ambo wanaiba watu. Navuka, maji yananifika magotini, namuuliza wa kule. Anasema, wale wa ng'ambo wanaiba watu. Mna uhakika gani? Anasema, kwani wanaume wetu wako wapi? Zamani kupanda viazi vikuu ilikuwa kazi ya mwanaume, sasa nalima mimi, naezeka mimi, na mwanaume aliyebaki ana nyumba nne za wajane na anazungukia zote akiwa amebeba bunduki. Bunduki ameipata wapi? Ananitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. Pwani, anasema. Na pwani wanaitoa kwa kitu gani? Anageuza uso wake pembeni na kurudi kwenye matuta yake, na hapo naona jambo ambalo sikuliona mwanzo: upande ule wa uso alioniepushia umeanza kuwa laini, jicho limefifia, shavu halina mkunjo. Naangalia wengine. Kila anayegeuka kuficha uso, uso unapungua. Namuuliza mtu wa koti, na wewe uligeuka mara ngapi? Kwa mara ya kwanza hanitegei kitu, anavuta koti lake na kunipita.

Ananipeleka mahali penye shimo. Ni pango dogo tu kwenye ukingo, kijito kinaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, na mbele yake kuna uwanja uliofagiwa ambapo watu wa miji yote miwili wamesimama kwa makundi yanayoogopana. Hapa ndipo wanapohukumiwa wakosaji, naambiwa. Mwenye kosa anaingia, Shimo linamla, maji yanatoka mekundu, watu wanaona, wanarudi nyumbani wakilia. Mtu wa koti anakaa kwenye kigoda katikati, kumbe hakimu ni yeye. Na aliyesimama mbele yake ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, na viganja vyake ni vyekundu mpaka kwenye vifundo. Ananiona namtazama mikono. Usiogope dada, anasema, si damu ya mtu, mimi nasaga mti wa rangi, naitwa Mgbafo. Namuuliza amefanya nini. Anacheka kicheko kikavu. Nimetumwa chumvi, anasema. Mama mkwe wangu amenituma chumvi kwa wauzaji wa ng'ambo, nimepita kwenye kona ya shamba la mtu ili nisizunguke, wamenikamata. Basi? Basi. Zamani ukikanyaga shamba la mtu unatoa kuku, unaomba radhi, mnamla yule kuku pamoja na mwenye shamba, na jioni mnaamkiana. Siku hizi hakuna anayetaka kuku. Ukimtukana mkubwa ni Shimo, ukiiba kiazi ni Shimo, ukiota ndoto mbaya ukaisimulia ni Shimo. Makosa ni mengi kuliko nywele zangu na adhabu imebaki moja.

Namvuta kando na kumnong'oneza, na hilo Shimo linakula kweli? Mgbafo ananipa kiganja chake. Rangi inayotoka kwenye maji nimeisaga mimi mwenyewe, anasema, vikapu vitatu, wamekuja kuchukua wiki iliyopita, na mpaka leo najiuliza nani ana msiba wa kutia rangi nguo nyingi hivyo. Upande wa pili wa pango kuna njia, dada. Anayeingia anatokea upande wa pili na kamba shingoni, anashushwa pwani. Lakini watu wa kwao wameona maji mekundu. Wanakaa matanga. Nani anamtafuta mtu aliyekwishaliwa? Anayasema haya kwa utulivu unaonipandisha hasira maradufu. Kwa nini hupigi kelele, nauliza, kwa nini huwaambii hawa wote waliosimama hapa? Nimewaambia, anasema Mgbafo. Wanajua. Wale wa mbele wanajua zaidi.

Hakimu wa koti anainua mkono na uwanja unatulia. Anauliza swali moja tu: Nani amemtuma huyu? Sheria yao ni nyepesi, mzee mmoja ananieleza bila kunitazama. Mtu mwenye mtu aliyemtuma ni mtu wa watu, ana mahali anaposubiriwa, hawezi kuingizwa Shimoni. Asimame mtu mmoja aseme, mimi ndiye niliyemtuma, na Mgbafo anaondoka na chumvi yake. Moyo wangu unatulia, kumbe jambo lenyewe ni dogo hivi! Nasubiri. Hakuna anayesema. Hakimu anauliza tena, na katika kundi la mbele namwona mwanamke mzee aliyeshika kikapu kitupu, na Mgbafo anamtazama huyo huyo tu. Ni mama mkwe wake, Oyidiya. Namwendea mbio. Mama, shikamoo, wewe ndiye uliyemtuma, sema! Anageuza uso. Namzunguka, anageuza tena, na kila akigeuza uso wake unazidi kufifia. Mama, ni maneno matatu! Oyidiya ananishika mkono kwa nguvu. Mwanangu, anasema, nina wajukuu wanne ndani ya nyumba, na wawili ni wa huyuhuyu. Msimu uliopita jirani yangu alisimama akasema, huyu ni ndugu yangu. Wakamwambia, vizuri, na wewe umetoka mji gani? Akautaja. Usiku haukupita. Wamemchukua yeye, na ndugu, na nyumba saba. Unataka niseme nini? Nataka kumfokea, nimeshafungua mdomo, halafu nakumbuka uji wenye mvuke na fagio lililoangushwa, na nani aliyeutoa mji ule bila hata kuombwa mara mbili.

Hakimu anasimama na kunijia. Kitendawili, anasema. Sijibu. Anatega hivyo hivyo. Nilimtuma hakurudi, sasa wanamwita kwa jina la safari yake. Uwanja wote unanigeukia, nyuso nzima na nusu nyuso. Nalijua jibu. Liko kwenye ulimi, limeandikwa kwa wino mwekundu mara arobaini pembeni mwa kazi yangu, na sikuwahi kulitazama ndani mpaka leo: mtumwa, aliyetumwa, mtu ambaye mwenyewe aliyemtuma amefutwa na kilichobaki ni kule kutumwa. Nikilisema nimepata kitendawili, na litakuwa jina lake, na ataingia nalo kule ndani. Nikikaa kimya nimeshindwa, natakiwa kutoa mji, na miji iliyobaki ni hii miwili yenye wajukuu wa Oyidiya. Mgbafo ananitazama. Macho yake bado yapo yote mawili, makubwa, yamechoka. Namwambia hakimu, naweza kueleza kwa kirefu? Huyu ni mke wa mtu, ni mama wa watoto wawili, ni msaga rangi, alikuwa anakwenda kuleta chumvi na kurudi. Hakimu anatikisa kichwa chake cha bakuli, na sauti inayotoka ndani yake ni sauti ya Bwana Mhando, tamu na ya haraka. Neno moja tu, dada Siwema. Watu wasichanganyikiwe.

Ni hapo ninapochoka. Nimechoka na vitendawili, nimechoka na watu wanaojua na kugeuka, nimechoka na mimi mwenyewe ninayesema Tega kila nikiambiwa. Nasema, mimi ndiye niliyemtuma. Uwanja unavuta pumzi. Hakimu anasema, wewe? Mimi. Nimemtuma chumvi. Maharage yako motoni na kopo ni tupu, mnataka ushahidi gani? Mgbafo anaweka kiganja mdomoni, sijui anacheka au analia. Hakimu anakaribia mpaka naona uso wangu mdogo umepinda juu ya ulaini wake. Umemtuma kutoka mji gani? Najua swali hili lilikotoka na linakokwenda. Nauona mji wangu wote kwa mara moja, soko la nyanya, stendi, mama wa vitumbua, fundi Shekue na mguu wake juu ya pedali, na njiani karibu na duka namwona Mwanahawa, mikono ina hina, bado analalamika. Siwezi kutaja mji mwingine? Utoe ule ulikotoka, anasema hakimu. Nataka muda. Nataka hata kuwaaga. Natazama kama yuko mtu mwingine hapa atakayesimama badala yangu, na nagundua kwamba shingo yangu imeanza kugeuka kidogo kidogo pembeni, na shavu langu la kushoto linapoa. Nairudisha shingo kwa nguvu zangu zote. Korogwe, nasema.

Mgbafo, nasema harakaharaka, kabla hakimu hajaanza kujisifu kwake, nenda, na ukishaipata chumvi uje kwangu, nakusubiri, umesikia? Narudi, anasema, na anaondoka, haelekei Shimoni, anaipita kona ya shamba lilelile bila kuinamisha kichwa, na maji ya kijito yanabaki meupe. Oyidiya anamsindikiza kwa macho, na jicho moja linarudi mahali pake. Nyuma yangu hakimu ameanza. Nimekwenda, nimeingia, nimekalia viti vyao, nami naziba masikio, natambua kila kiti.

Naamka. Shavu limegandamana na karatasi, nalibandua, na kwenye kioo cha kabati naona limepakaa wekundu, wino wa Mhando bila shaka, ingawa wino mkavu wa siku tatu sijui unaachaje rangi. Maharage yananukia. Saa ni tisa na nusu. Nangoja kelele. Cherehani ya Shekue haisikiki, na yeye hana habari na umeme, anatumia mguu. Redio ya dukani haisikiki. Hakuna anayemwita mtoto, hakuna pikipiki. Nasema ni jua, watu wamelala, saa hizi watu wanalala. Nasema hivyo kwa sauti, na sauti yangu inarudi kutoka ukutani. Simu inaanza kuita mezani, jina la Mhando linawaka, naiacha iite. Nachukua kalamu, nakata lile mtumwa la kwanza, na juu yake naanza kuandika kirefu, kwa herufi ndogo, mwanamke aliyekuwa amekwenda kuleta, na sijafika mwisho wa sentensi nasikia mlango wa nyuma unasukumwa.

Nyayo ni za miguu isiyo na viatu. Mwanahawa alitoka na ndala, lakini Mwanahawa huvua ndala mlangoni, ndivyo alivyo. Mkono unapita kando ya bega langu na kuweka mezani chumvi ya mawe, madonge makubwa ya kijivu, na kiganja chake ni chekundu mpaka kwenye vifundo. Hina hufika hapo pia. Nimerudi, inasema sauti nyuma yangu, imekauka kwa vumbi, na simtambui ni nani kwa sababu mtu aliyetembea sana hubadilika sauti. Nani? nauliza. Anavuta pumzi. Anasema, mimi uliyenituma. Simu inaita, nje bado kimya, na kalamu iko hewani. Nageuka kumtazama usoni, nageuka polepole, na kabla sijafika namwambia, karibu, kaa, maharage yalikuwa yanakusubiri wewe.